Kioo Kinashikwa Kingoni

Tangazo lililobandikwa kwenye rafu ya sebuleni lilikuwa na neno moja na alama tatu za mshangao: USIGUSE!!! Kwa miezi kumi na moja hakuna kiumbe katika nyumba ile aliyelivunja isipokuwa vumbi, ambalo halikubahatika kusoma. Vumbi lilikuja kila siku, likaketi juu ya mabawa ya ndege, likaketi juu ya mkia, likaketi juu ya kioo cha marubani, na kwa kuwa hakuna aliyelifukuza, likajiona mwenyeji.

Ndege yenyewe ilikuwa ya plastiki, ya njano, ukubwa wa shibiri moja, ya aina inayotumika kufundishia marubani. Mwanafunzi hukaa mbele, mwalimu nyuma, na wote wawili hufunikwa na kioo kimoja kirefu kama ganda la njugu. Vipande vyake sitini na vinne viliungwa na watu wawili, baba mwenye nyumba na binti yake wa miaka kumi na mitatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Rubani. Siku ya tatu baada ya kumzika Rubani, baba yake alikata karatasi, akaandika lile neno, akalibandika kwa utepe wa gundi, kisha akaenda kulala mchana kweupe na viatu vyake miguuni. Tangu hapo hakuongeza neno juu ya jambo hilo. Kwa kweli hakuongeza maneno mengi juu ya jambo lolote.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika karakana iliyo nyuma ya kliniki ya meno. Wengi mtaani walimwita Fundi mbele yake na Meno nyuma yake. Mkewe aliuza vyombo vya plastiki nyumba kwa nyumba, vile vyenye vifuniko vinavyobana pembe nne, akaitwa Mama Vifuniko mbele na nyuma. Nyumbani kwao kila kitu kilifunikwa: sukari, sindano, betri, vyeti, vifungo vya mashati ambayo yenyewe yalishatupwa. Aliamini kwa moyo wote kwamba kitu kilichofunikwa vizuri hakiharibiki, na aliihubiri imani hiyo milangoni kwa watu, asubuhi na jioni, bila kupewa hata kiti.

Kila jioni Fundi aliporudi alisimama mbele ya rafu, mikono nyuma, kama kiranja mkuu anayekagua bweni. Alisimama muda wa kutosha chai kupoa. Kisha alikwenda kuinywa hiyo chai iliyopoa na kumuuliza mkewe kama mlango wa nyuma umefungwa. Ulikuwa umefungwa. Mkewe alikuwa amekwisha kujua kwamba swali hilo ndilo mazungumzo yao ya siku, akalijibu kwa adabu zote, na mara nyingine aliuacha mlango wazi makusudi ili mazungumzo yarefuke.

Ndipo akaja Shangazi kutibiwa goti.

Alikuwa dada mkubwa wa Fundi, mtu mwema, ila wema wake ulikuwa wa kukagua. Kwa kuwa nyumba haikuwa na chumba kingine, alilazwa kwenye kitanda cha Rubani, na asubuhi ya kwanza alieleza kwamba godoro lina bonde katikati, tena bonde dogo, la mtu mdogo, halimtoshi. Alisema hivyo akipaka siagi kwenye mkate. Fundi aliinuka akaenda kazini kabla ya saa. Siku ya pili aliondoka na daktari wa kliniki kwa safari ya siku tatu, kuwapelekea wazee wa miji midogo meno yao, na Shangazi akabaki na goti, na nyumba, na wifi yake.

Saa nne asubuhi aliita kutoka sebuleni.

"Wifi, hebu njoo uone mali yako."

Mama Vifuniko alikuja akifuta mikono. Shangazi alikuwa amesimama karibu na rafu, kidole juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Ncha ya kidole ilikuwa ya kijivu. Kwenye ubao wa rafu, kandokando ya ndege, aliacha mstari mrefu uliong'aa.

"Mwenyewe hataki kiguswe," Mama Vifuniko alisema. "Kaandika."

"Kaandika kisiguswe. Hakuandika kisifutwe. Mgeni akiingia humu atakusema wewe, wifi yangu, hatamsema yeye. Na kile kitoto cha watu, kingekuwepo kingekaa na uchafu huu?"

Mama Vifuniko alirudi jikoni akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

*

Alisubiri mpaka Shangazi alipokwenda hospitali na goti lake. Kisha akaleta kiti, na brashi mpya ambayo haijawahi kuguswa na rangi, na kitambaa laini cha kufutia miwani, akapanda akiwa amezuia pumzi kana kwamba ndege ingeamka.

Alianza na mabawa. Njano ikatokea, njano kali aliyokuwa ameisahau, akakumbuka jinsi Rubani alivyoipaka akiwa ametoa ulimi nje pembeni mwa mdomo, na jinsi baba yake alivyomwambia aurudishe ulimi ndani usije ukapakwa nao. Wawili hao walikuwa na masharti yao. Kisu kinakata kwenda mbele, hakirudi kwako. Rubani alilivunja sharti hilo wiki ya kwanza, akajichana kidole gumba, na kovu lake lilibaki limekikatisha kidole kutoka upande hadi upande, mithili ya mstari wa mwalimu juu ya neno lililokosewa. Sharti la pili lilikuwa kwamba kioo kinashikwa kingoni. Hakiguswi ndani kwa kidole, kwa sababu kikishafungwa hakuna njia ya kuingia kukifuta. Rubani alikuwa na mazoea ya kuvaa vipande vidoleni kama pete na kofia na kuvichezesha ngoma mezani, kwa hiyo siku ya kufunga kioo baba yake alimuuliza mara mbili, tena kwa sauti ya mahakamani, kama amekigusa. Rubani aliapa kwamba hajakigusa. Aliapa mikono ikiwa mgongoni.

Mama Vifuniko alimaliza mabawa, akamaliza mkia, akainua ndege ili afute chini yake. Kulikuwa na jambo moja asilolijua. Utepe wa lile tangazo, kwa joto la miezi kumi na moja, ulikuwa umelegea na kuteleza, ukashika gurudumu. Aliinua, ndege ikakataa. Akavuta kidogo, ikakataa kidogo. Akavuta tena, ikaachia yote kwa mpigo, tangazo na gurudumu na gundi, ikamtoka mkononi.

Ndege iliruka. Kwa umbali wa kutoka rafu hadi sakafuni iliruka kweli, heshima ambayo walioiunda hawakuwahi kuipa.

Panga boi la puani lilivunjika. Gurudumu lililoshikwa na utepe liliingia chini ya kochi. Bawa la kushoto lilining'inia, na kile kioo kiliruka peke yake kikatua juu ya zulia, kizima, kikitazama juu. Mama Vifuniko alishuka akapiga magoti. Ndani ya ndege wale watu wawili walikuwa bado wamekaa vitini mwao, wadogo kama punje za maharage. Wa mbele alikuwa na kofia nyekundu, naye ni Rubani. Wa nyuma hakuwa na kofia. Rubani alikuwa amempaka masharubu na upara, tena upara mkubwa kuliko haki, akasema huyo ni baba, na kwamba mwalimu anayeogopa ndege lazima apewe kiti cha nyuma.

"Samahani," Mama Vifuniko alimwambia yule wa nyuma. Kisha akaenda kutafuta gundi.

Gundi ya kazi hiyo ilikuwepo nyumbani, ndani ya droo ya Fundi, na droo ilifungwa kwa ufunguo. Yeye alikuwa na supaglu, aliyotumia kuunganisha mishikio ya ndoo, na haijawahi kumwangusha. Aliunga panga boi. Aliunga bawa, akalishikilia akihesabu hadi mia moja. Alilitoa gurudumu chini ya kochi, akalivua utepe na kulirudisha mguuni. Mwisho akakizungushia kioo gundi kwenye ukingo, nyingi kidogo kuliko inavyohitajika, kwa nia njema, akakifunga. Hata yeye aliona kwamba kazi imekubali.

Halafu alifanya jambo ambalo ni yeye tu katika mji mzima angelifanya. Alichukua chombo kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, kile cha mikate, akaiweka ndege ndani na kubana kifuniko pembe zote nne, tik, tik, tik, tik, ili vumbi lisiingie na Shangazi asiingie. Akakipandisha juu ya kabati la jikoni, penye joto, ambako mvuke wa birika la maji ya kukandia goti la Shangazi ulipanda mpaka jioni. Alilala akiwa na amani, ya kwanza katika siku nyingi.

Asubuhi alifungua kifuniko. Kioo cha marubani kilikuwa cheupe. Kilikuwa kimefanya ukungu mzito, kama jicho la mzee lenye mtoto wa jicho, na wale watu wawili ndani hawakuonekana tena. Alikifuta kwa kitambaa. Akapumulia, akafuta tena. Weupe ulikuwa upande wa ndani. Mahali pabaya zaidi palikuwa mbele, juu ya kichwa cha mwanafunzi, penye doa lenye michirizi ya kuzunguka, kama kitunguu kilichokatwa.

Alirudisha kifuniko. Fundi alikuwa anarudi kesho yake.

*

Duka lililouza ndege lilikuwa lilelile lililouza madaftari, mipira na filimbi za marefa. Mama Vifuniko alisimama kwenye foleni akiwa amekumbatia chombo, na mteja aliyekuwa mbele yake akamwambia kwa upole kwamba humu ndani hawaruhusu kuuza vitu. Alimweleza kwamba hauzi. Mteja alikitazama chombo, akamtazama yeye, akasogeza mkoba wake.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye ndevu chache alizozitunza sana. Alifungua kifuniko, akatazama, akavuta hewa kupitia meno.

"Gundi gani hii?"

"Supaglu."

"Halafu ukafunika."

"Nikafunika."

"Mama, umeipika." Wateja wawili walicheka, na muuzaji, alipoona amepata hadhira, alieleza kwa sauti kubwa zaidi. Gundi hiyo inapokauka hupumua, alisema, na pumzi yake ikikosa pa kutokea, hasa penye joto na unyevu, hurudi na kuganda juu ya kitu. Hupenda zaidi penye mafuta. "Hiki chombo kilikuwa na mafuta?"

Katika maisha yake Mama Vifuniko alikuwa ameambiwa mengi milangoni, lakini hili hakuwahi kuambiwa. Alimjulisha kijana kwamba chombo chake hakijawahi kuona mafuta, kwamba kimeoshwa, kimesuuzwa na kukaushwa juani, na kwamba kama anatafuta mafuta aanzie kwenye kaunta yake. Sasa wateja walimcheka muuzaji. Yeye mwenyewe alicheka, akawa mtu mzuri ghafla. Aligeuza ndege kwenye mwanga.

"Hapa mbele ndipo palipochukua sana. Nyuma nako kuna kidogo. Kipya hakipatikani, walishaacha kuzitoa hizi. Ila kioo kinaweza kutolewa na kung'arishwa kwa ndani, taratibu, apatikane mtu mwenye mkono na vifaa. Mimi siwezi, nitakivunja. Hiyo ni kazi ya fundi wa meno ya bandia. Unamjua yeyote?"

"Namjua mmoja," Mama Vifuniko alisema.

Alikuwa anabana pembe ya nne ya kifuniko muuzaji alipojigonga kidole kichwani.

"Ngoja kwanza. Si wewe ulikuwa unakuja na yule binti? Yule wa maswali mengi, aliyenisahihisha mbele ya watu? Mwambie ile rangi ya fedha aliyoniulizia kila wiki imefika. Nimemwekea kopo moja pembeni."

Foleni nyuma yake ilikuwa ndefu. Mtu alikohoa.

"Nitamwambia," alisema.

*

Kesho yake, katika kliniki ya meno, msichana wa mapokezi alimpa namba kumi na saba. Mama Vifuniko alijaribu kusema kwamba yeye si mgonjwa, na msichana akamjibu bila kuinua macho kwamba hata wauza vyombo wanasubiri. Alikaa kwenye benchi kati ya wazee wawili wasio na meno. Mmoja alimuuliza amebeba nini. Alisema ni ndege. Mzee aliafiki kwa kichwa na kumpa pole, kwa sababu kuku wa siku hizi, alisema, hata kutafunika hawatafuniki.

Alikuwa amejiandalia hotuba. Ilianza na goti la Shangazi, ikapita kwenye vumbi, na mahali fulani kuelekea mwisho ilitaja ndege. Alichokiogopa si hasira ya mumewe. Hasira angeipokea kama mgeni wa maana. Aliogopa kwamba atatazama, atanyamaza, na kwamba sasa hata lile swali la mlango wa nyuma litakwisha.

Namba kumi na saba ilipoitwa, alipita chumba cha daktari moja kwa moja hadi karakana. Fundi alikuwa ametoka safarini saa ileile, koti la safari bado mgongoni, amezungukwa na taya za plasta zilizopangwa rafuni zikiwa wazi kama kwaya inayosubiri ishara. Alimwona mkewe, akaona chombo. Alivua koti polepole. Hotuba yote ilimtoka Mama Vifuniko kichwani.

"Imeanguka," alisema.

Fundi alifungua kifuniko mwenyewe. Alitazama kwa muda mrefu. Katika muda huo msichana wa mapokezi alichungulia mara moja, akaona, akajiondokea.

"Nani?"

"Mimi. Nilikuwa nafuta vumbi."

Aligusa bawa kwa ncha ya kucha, akaligeuza panga boi. Alikuwa anasoma mahali gundi ilipopita, kama mtu anayesoma mwandiko anaoufahamu.

"Bawa umeliunga sawa," alisema mwishowe. "Panga boi umeligeuza nyuma mbele. Hii ingeruka kinyumenyume."

Mama Vifuniko hakujua kama hiyo ni lawama au utani, kwa sababu ilikuwa zamani sana tangu asikie chochote kati ya hivyo. Alisimama. Fundi alisogeza kiti cha mgonjwa kwa mguu, akamwambia akae amshikie taa.

Alitumia kisu chembamba kuizunguka gundi, kidogo kidogo, na alipokuwa akikata, mkewe aliongea, kwa sababu taa ilimpa sababu ya kukaa karibu. Alimweleza habari za kidole cha Shangazi. Alimweleza habari za mzee na kuku, na Fundi akatikisika bega moja. Kisha akamweleza kwamba rangi ya fedha imefika, na kijana wa duka amemwekea Rubani kopo moja.

Kisu kilisimama.

"Ulimwambia huyo kijana?"

"Nilimwambia nitamwambia."

Fundi aliafiki kwa kichwa, taratibu, kama ambaye angefanya vilevile. Kisu kikaendelea. Kioo kilitoka kizima. Alikishika kingoni, kwa vidole viwili, akakiangalia upande hadi upande na kusema kwamba ataanza mbele, palipoharibika zaidi. Alichovya ncha ya sufi kwenye uji wa kung'arishia, ule unaofanya meno ya bandia yafanane na ya harusini, akawasha mashine. Ilivuma kama mbu. Lile doa la kitunguu lilizunguka, likafifia, likaisha. Alisuuza, akafuta, akainua kioo kwenye taa. Sehemu ya mbele ilikuwa safi kama maji.

"Umeona?" alisema, na usoni mwake kulipita kitu ambacho mkewe hakukiona kwa miezi kumi na moja. Mtu huyu alikuwa amefurahia kazi yake.

Alikigeuza aanze nyuma. Ukungu wa huku ulikuwa mwepesi, nao ulikuwa na doa lake, lililojificha kwenye mpindo wa kioo. Mama Vifuniko, aliyekuwa ameshika taa, ndiye aliyekuwa karibu nalo zaidi.

"Ngoja kidogo," alisema. "Hii ni michirizi ileile ya mbele. Hii hapa inazunguka hivi, halafu imekatwa na mstari."

Fundi alivuta kioo cha kukuzia. Chini yake doa lilikua likawa uwanja mzima wa michirizi myeupe, iliyopinda kwa mpangilio, mmoja ndani ya mwingine, na katikati yake mstari mtupu ulipita kutoka upande hadi upande. Kilikuwa kidole gumba. Kilikuwa kidogo, na kilikuwa na kovu.

Ile mashine ilikuwa bado inavuma mezani, Fundi akaizima.

"Kijana alisema inashika penye mafuta," Mama Vifuniko alisema kwa sauti ndogo. "Nikamwambia chombo changu ni kisafi."

"Mafuta ya ngozi," Fundi alisema. "Alikivaa. Alikivaa kama kofia, gumba huku nyuma, na kidole cha..." Alionyesha kwa mkono wake mwenyewe, gumba na kidole cha shahada, jinsi mtoto angevitia viwili ndani ya ganda lile na kulichezesha mezani. Gumba lake lilielekea kwenye doa la nyuma. Kidole cha shahada kilielekea mbele, palipokuwa safi kama maji.

Alikiweka kioo juu ya kitambaa. Alikiweka kwa kukishika kingoni.

"Aliniapia," alisema. "Nilimuuliza mara mbili. Alisema, baba, sijagusa."

"Ulimtisha."

"Nilimtisha." Alivua miwani, akaitafutia mahali pa kuiweka, akakosa, akaivaa tena. "Nimekifuta kimoja. Umeniona nikikifuta. Nikakuuliza kama umeona."

Mkewe alizima taa ili asimtazame kwenye mwanga. Walikaa hivyo, yeye kwenye kiti cha mgonjwa na mumewe kwenye stuli, na zile taya za plasta rafuni zikiwa wazi zote, bila hata moja kutoa sauti. Huko nje namba kumi na nane iliitwa, ikaitwa tena.

*

Nyuma hakukung'arishwa. Fundi alikirudisha kioo kwa gundi nyeupe ya watoto wa shule, ile isiyopumua, akaligeuza panga boi likaelekea linakotakiwa, na jioni waliirudisha ndege nyumbani ndani ya chombo cha mikate, kifuniko kikiwa kimeachwa wazi pembe moja. Walikibeba kwa zamu. Njiani Fundi alisema maneno mengi kuliko ya mwezi mzima, mengine hayakuwa na maana, na mengine yalikuwa juu ya upara, kwamba hata leo haujafikia ule.

Tangazo halikurudishwa. Lilikuwa limekunjika, na aliyelibandika alilitazama, akalitia mfukoni. Kwenye rafu vumbi lilikuwa limefutwa, ila mstari wa kidole cha Shangazi ulikuwa bado unaonekana kwenye mwanga, mng'ao juu ya mng'ao.

Shangazi alitoka chumbani akichechemea kuja kuona. Alikuwa amearifiwa kwamba ndege iliharibika na imetengenezwa, basi. Aliinama, mikono magotini, akaikagua kuanzia mkiani kwenda mbele kwa haki na usawa. Alisema huku nyuma fundi ameacha kazi, kuna ukungu, na mtu wa kiti cha nyuma haonekani vizuri. Kaka yake alisema ni kweli, haonekani vizuri.

Kisha akafika mbele. Uso wake ukakunjuka, kwa sababu alikuwa mtu mwema, na alikuwa ametafuta kwa siku nne kitu cha kusifia katika nyumba ile.

"Lakini hapa, mdogo wangu, hapa mmepatendea haki," alisema. "Tazama palivyo safi. Utadhani hapajawahi kuguswa na mtu."

Fundi alishukuru. Alisimama pale, mikono nyuma, mpaka dada yake alipokwenda kujilaza. Mkewe alileta chai, lakini hakuiweka mezani. Aliishika mwenyewe, akasimama ubavuni mwake, na baada ya muda, akiwa bado anatazama mbele, Fundi alimuuliza kama mlango wa nyuma umefungwa.

"Haujafungwa," alisema.

"Basi twende tukaufunge."